Kabla uweke stetasi ya 'subira huvuta heri', soma maisha ya kipa huyu

Umeiona hiyo posti. Huja sana Jumatatu asubuhi, wakati uko kwenye matatu na trafiki imegoma kusonga. Picha ya mzee fulani akitabasamu, chini yake orodha: huyu alikataliwa kila mahali, yule alianza biashara akiwa na mvi, mwingine alilala kwenye gari miezi kadhaa. Mwisho ni ujumbe uleule: usikate tamaa, wakati wako unakuja. Unaipenda, unaishea, kisha unashuka stejini kwenda kupeleka barua kwa kampuni inayotaka kijana wa miaka 24 mwenye tajriba ya miaka mitano.

Mimi sina shida na kutiana moyo. Maisha ni magumu na kila mtu anahitaji kitu cha kushikilia. Shida yangu ni kwamba hadithi hizi huletwa kwetu kama samaki wa sokoni, kichwa kimekatwa na matumbo yametolewa. Huambiwi nani alilipa gharama wakati shujaa akisubiri. Huambiwi bahati iliingilia wapi. Na huambiwi kilichofuata baada ya kombe kuinuliwa.

Basi leo nikuletee mtu ambaye, kama waandishi wa posti za motisha wangekuwa wanafuatilia hoki ya barafu, angekuwa mfalme wa orodha yao. Anaitwa Tim Thomas, Mmarekani, mzaliwa wa Flint, jimbo la Michigan, mwaka 1974. Alikuwa kipa. Alipata namba ya kudumu katika ligi kuu akikaribia miaka 32, umri ambao wanasoka wengi huanza kuulizwa watastaafu lini. Akiwa na miaka 37 akawa bingwa. Hiyo sehemu tamu nitakupa, usijali. Lakini tutaendelea hadi pale posti huwa haifiki.

Kwanza uelewe mboka yenyewe. Hoki ya barafu ni watu sita kwa sita, wamevaa viatu vyenye makali ya chuma chini, wanafukuzana juu ya barafu na magongo mkononi. Wanachokipiga si mpira bali kisahani cha raba ngumu, upana sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzani gramu 170 hivi. Kabla ya mechi kinagandishwa ili kisidundedunde. Mpigaji mkali anakirusha kwa kasi ya zaidi ya kilomita 150 kwa saa, yaani haraka kuliko matatu yoyote uliyowahi kupanda Thika Road usiku, na hiyo si kasi ya mchezo.

Sasa wewe kaa langoni. Lango ni dogo, mita 1.83 kwa 1.22, lakini wapinzani wanajipanga mbele yako makusudi usione kitu. Kisahani kinagonga gongo la mtu njiani, kinabadilisha mwelekeo, na wewe ulikuwa umeshajitupa upande ule mwingine. Mechi moja unaweza kupigiwa makombora 30 au zaidi. Ukizuia 27 kati ya hayo 30 umepata asilimia 90, na katika ligi ya NHL, ambayo ndiyo kubwa zaidi duniani, asilimia 90 ni alama ya kipa wa kawaida tu. Niambie mtihani mwingine ambao ukipata 90 unaambiwa uanze kufungasha virago.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Hadi mwaka 1959 makipa wa ligi hiyo walicheza uso wazi, bila kinyago. Ilibidi Jacques Plante wa Montreal apasuliwe uso na kombora mjini New York tarehe 1 Novemba mwaka huo, ashonwe, kisha agome kurudi uwanjani bila kinyago chake. Kocha wake hakufurahia. Kulikuwa na mwingine, Glenn Hall, aliyecheza mechi 502 za ligi mfululizo bila kukosa hata moja kati ya 1955 na 1962, na ambaye alijulikana kwa kutapika kabla ya mechi. Si ugonjwa, ni woga na presha. Mtu anatapika, anapangusa mdomo, anaingia kazini. Mechi 502.

Halafu kuna suala la nafasi. Kila timu huvalisha makipa wawili siku ya mechi na anacheza mmoja. Washambuliaji hupokezana kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo hata wa mwisho kwenye orodha atapata dakika zake. Kipa wa akiba anaketi pale, amevaa kila kitu, anafungua mlango mdogo wa benchi ili wenzake watoke na kuingia. Wakati wa Thomas NHL ilikuwa na timu 30. Piga hesabu: nafasi 30 za kipa nambari moja. Dunia nzima.

Turudi kwa Thomas. Kwao hapakuwa na pesa. Na tofauti na soka, ambayo unaweza kuanzia na karatasi za plastiki na kamba za katani, kipa wa hoki ya barafu anahitaji mzigo wa vifaa: kinga za miguu, kinga za kifua, glavu mbili tofauti, kofia yenye chuma mbele ya uso, viatu vyake maalumu. Mtoto anakua, vifaa vinabana, unanunua vingine. Juu ya hapo kuna kambi za mafunzo za kulipia. Wazazi wa Thomas waliuza pete zao za ndoa ili mtoto aende kambi moja ya makipa. Yeye hakujua wakati huo. Alikuja kujua baadaye, akiwa mtu mzima.

Tafadhali ushike hizo pete, tutazihitaji.

Mwaka 1994, akiwa Chuo Kikuu cha Vermont, jina lake lilitajwa katika uteuzi wa chipukizi, ile siku ambayo timu za NHL huchagua vijana kwa zamu. Quebec Nordiques walimchukua akiwa wa 217. Kipa aliyetangulia wote mwaka huo, Jamie Storr, alichukuliwa wa 7, na hakuwahi kuwa nyota. Lakini angalia huko mwisho wa foleni: 217 ni Thomas, 218 ni Johan Hedberg, 219 ni Evgeni Nabokov, 226 ni Tomas Vokoun. Wote wanne walikuja kuwa makipa wa kutegemewa katika NHL. Maskauti wanaolipwa kusoma vipaji, wenye kalamu na saa za kupima, walipitwa na makipa wanne ndani ya nafasi kumi. Ukikataliwa kwenye intavyu na mtu aliyekutazama kwa dakika saba, kumbuka hiyo hesabu. Sisemi wewe ni Nabokov. Nasema yule aliyekukataa huenda hakuona kitu.

Kisha ikaja bahati mbaya ya aina ambayo huwezi kuifanyia mazoezi. Mwaka uliofuata Nordiques walihamishwa wakapelekwa Denver, wakaitwa Colorado Avalanche, na Desemba 1995 wakamnunua Patrick Roy, mmoja wa makipa bora kuwahi kutokea. Hapo mlango wa Thomas ukafungwa kabla hajamaliza chuo.

Kuanzia 1997 alizunguka kama barua isiyo na anwani. Ligi ndogo za Marekani: Birmingham, Houston. Kisha Ufini na klabu ya HIFK ya Helsinki, ambako alishinda ubingwa mwaka 1998. Akarudi Marekani, ligi ndogo. Akaenda Uswidi na AIK. Akarudi tena Ufini. Hatimaye Boston Bruins wakampa mkataba na kumweka kwenye timu yao ndogo ya Providence. Alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL Oktoba 2002, ana miaka 28. Msimu huo alipewa mechi nne. Msimu uliofuata hakupewa hata moja.

Hapa ndipo mwandishi wa posti angeandika kwamba Tim hakukata tamaa, aliongeza bidii, na bidii ikalipa. Hebu tusome vizuri. Msimu wa 2004/05 NHL haikuchezwa kabisa kwa sababu ya mgogoro wa mishahara. Thomas akaenda tena Helsinki, safari hii kwa Jokerit, na akafanya maajabu: mechi 15 za msimu wa kawaida bila kufungwa hata bao moja. Akatajwa mchezaji bora wa ligi ya Ufini. Basi mtu huyu akarudi Boston 2005 na vyeti vyote mkononi, na Bruins wakafanya nini? Wakamrudisha Providence, timu ndogo. Kiutaratibu ilibidi kwanza apitishwe mbele ya timu nyingine zote za NHL, kama kitu kilichowekwa mlangoni, anayetaka achukue. Hakuna aliyechukua.

Bidii ilikuwepo. Kipaji kilikuwepo. Ushahidi ulikuwepo, umechapishwa, una takwimu. Kilichokosekana ni mtu wa kufungua mlango. Na mlango ulifunguliwa Januari 2006 kwa sababu makipa wawili waliokuwa mbele yake Boston, Andrew Raycroft na Hannu Toivonen, walikuwa na majeraha. Hilo tu. Kama wote wawili wangekuwa salama, huenda Tim Thomas angestaafu akiwa mtu wa kukumbukwa Helsinki pekee, na mimi nisingekuwa na la kuandika.

Kwa hiyo ninapoona 'subira huvuta heri' chini ya picha ya mtu kama huyu, huwa nauliza: subira gani? Thomas hakukaa kusubiri. Alikuwa anacheza, analipwa, anashinda makombe kwenye ligi ambazo hazikuwa kwenye televisheni ya kwao. Kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayefanya kazi yake mahali pasipoonekana na mtu anayeketi akingoja aonekane. Wengi wetu tunachanganya hayo mawili. Kijana anayerekodi nyimbo kwenye studio ya chumba kimoja Kayole na kupiga shoo za harusi kila wikendi yuko Ufini. Yule aliyeacha kazi ya duka 'kuzingatia ndoto' na sasa anaangalia simu kutwa nzima hayuko Ufini, yuko kitandani. Naomba radhi kama nimekugusa. Au siombi.

Lakini pia tusidanganyane kwa upande wa pili. Yule wa studio ya Kayole anaweza kufanya kila kitu sawa na asipate Januari 2006 yake. Uteuzi wa 1994 ulikuwa na majina zaidi ya 280. Mengi hayakuwahi kusikika tena. Baadhi ya vijana hao walifanya bidii kama Thomas, walikula baridi ileile kwenye mabasi yaleyale ya ligi ndogo, na hakuna aliyeumia mbele yao. Wao hawatengenezewi posti.

Haya, sehemu tamu. Thomas akapewa lango na hakuliachia. Mtindo wake ulikuwa wa ajabu. Makipa wa siku hizi hufundishwa kupiga magoti na kuziba sehemu za lango kwa utaratibu, karibu kama mashine. Yeye alijitupa, akabiringika, akatoka nje ya lango kumkabili mpigaji, wakati mwingine akaokoa akiwa amelala chali. Makocha walisema hiyo si njia. Mwaka 2009 akashinda tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa ligi. Akapewa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 20. Ungesema sasa ameomoka, hadithi imeisha.

Msimu uliofuata akapoteza namba. Nyonga ilikuwa inamsumbua, na kijana kutoka Ufini (ndiyo, hukohuko), Tuukka Rask, akampita. Thomas akafanyiwa upasuaji 2010, na magazeti ya Boston yakawa yanajadili jinsi ya kumuuza. Oktoba mwaka huo timu ilifungua msimu mjini Prague, na aliyeanza langoni ni Rask. Bruins wakafungwa. Mechi ya pili akapewa mzee. Hakufungwa bao.

Ule msimu wa 2010/11 alizuia asilimia 93.8 ya makombora, rekodi ya ligi wakati huo, akimpita Dominik Hasek ambaye alikuwa amefikia 93.7. Ikaja hatua ya mchujo. Montreal, Philadelphia, kisha Tampa Bay, ambako mshambuliaji hatari zaidi alikuwa Martin St. Louis, rafiki yake wa chuo kule Vermont. Mechi ya saba dhidi ya Tampa iliisha 1-0. Fainali ilikuwa dhidi ya Vancouver Canucks, na kipa wa upande wa pili alikuwa Roberto Luongo, aliyechaguliwa wa 4 mwaka 1997. Wa 4 dhidi ya wa 217. Katika mechi saba Vancouver walifunga mabao manane tu. Tarehe 15 Juni 2011, mechi ya saba, ugenini, Thomas alizuia makombora yote 37 na Boston wakashinda 4-0. Hakuna aliyewahi kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa mchujo akiwa na umri mkubwa kama wake.

Posti huishia hapo. Kombe juu, machozi, jina lake kwa herufi kubwa.

Yaliyofuata nitapita haraka hadi pale panapouma. Januari 2012 alikataa kwenda White House na wenzake kupokelewa na Rais Obama, akisema serikali imekuwa kubwa kupita kiasi. Marekani ikagombana kuhusu hilo wiki nzima. Akapumzika msimu mzima wa 2012/13. Akarudi 2013 na Florida Panthers, ana miaka 39.

Desemba 2013 akapata mtikisiko wa ubongo.

Miaka sita baadaye, Desemba 2019, aliingizwa katika ukumbi wa heshima wa hoki wa Marekani, mjini Washington, na hapo ndipo alipowaeleza waandishi wa habari alikokuwa amepotelea. Alisema aliamka asubuhi baada ya jeraha lile na hakuweza kuamua anataka kula nini. Hakuweza kuamua aende wapi. Hakuweza kupanga ratiba yake. Alimalizia msimu hivyohivyo, lakini mchezo ulikuwa unakwenda kwa kasi ambayo akili yake haikuweza tena kuifuata. Hebu rudi kwenye zile sekunde za kombora nilizokueleza juu, ufikirie kusimama pale.

Baadaye alipigwa picha za ubongo. Alisema matokeo yalionyesha theluthi mbili za ubongo wake zilikuwa zinapata chini ya asilimia 5 ya mtiririko wa damu, na theluthi iliyobaki karibu nusu. Alijitenga msituni. Kwa miaka kadhaa hakuweza kuwasiliana na watu. Wachezaji aliobeba nao kombe hawakumsikia. Hata baba yake hakumpigia simu.

Yule baba wa pete.

Sijui kama unaona ninachokiona. Wazazi waliuza alama ya ndoa yao ili mtoto aende kujifunza kusimama mbele ya makombora. Mtoto akasimama. Akasimama vizuri kuliko karibu kila mtu aliyewahi kusimama pale. Na mwisho wa safari kukawa na miaka ambayo baba hasikii sauti yake. Alipoulizwa mambo hayo Washington, Thomas hakusema anajuta kila kitu. Alizungumza kama mtu aliyerudi kutoka mahali mbali na kujifunza upya kushukuru kwa mambo madogo. Nafurahi alirudi. Lakini kurudi kwake hakufuti hiyo miaka, na ligi iliyomtajirisha haiwezi kusema haikujua watu wake wanaumia. Mwaka 2018 NHL ilikubali kulipa dola milioni 18.9 kumaliza kesi ya wachezaji wastaafu zaidi ya 300 kuhusu majeraha ya kichwa, bila kukiri kosa lolote. Gawanya mwenyewe uone kila ubongo ulipewa thamani gani. Thomas peke yake alipewa mkataba wa milioni 20 kuzuia visahani.

Najua utaniambia hoki ya barafu inatuhusu nini sisi, watu wa jua. Mambo ni yaleyale. Katika ploti yenu kuna mzazi ameuza kitu. Shamba la urithi, ng'ombe, pikipiki, friji. Kuna mchango wa WhatsApp ulifanywa ili mtu aende akademi ya soka, au chuo cha urubani, au alipe wakala wa kazi za Ghuba. Na huyo kijana anabeba mzigo wa aina mbili: wa ndoto yake na wa kitu kilichouzwa. Ndiyo maana hawezi kurudi nyumbani aseme imekataa. Ndiyo maana anacheza na goti bovu, anafanya kazi na homa, anamwambia daktari hana maumivu. Si ujasiri. Ni deni.

Kuna mwingine wa hoki nataka umjue, maana hadithi yake nayo huzunguka mitandaoni kama kichekesho. David Ayres, Mkanada. Tarehe 22 Februari 2020, Toronto, makipa wote wawili wa Carolina Hurricanes waliumia katika mechi moja. Sheria ya wakati huo iliruhusu kipa wa dharura aliye uwanjani, wa timu yoyote. Ayres, mwenye miaka 42, ambaye alikuwa mtu wa kutunza uwanja na kuendesha mashine ya kulainisha barafu, akavaa na kuingia. Makombora mawili ya kwanza yakaingia. Baada ya hapo akazuia manane na Carolina wakashinda 6-3. Alilipwa dola 500 na jezi. Wote walicheka na kushangilia, nami nilicheka. Kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba Ayres alikuwa anaishi kwa figo aliyopandikizwa. Aliyempa ni mama yake.

Pete, figo. Nyuma ya kila kipa kuna mzazi ambaye haonekani kwenye picha.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na unaweza kuyapinga. Ukiwa na ndoto ghali, keti na waliokulipia. Si kuwashukuru tu, ile shukrani ya siku ya graduesheni yenye keki na maua. Waulize kwa hesabu: mliuza nini, bei gani, mnakihitaji kurudishwa lini, na je, nikirudi mikono mitupu nitapokelewa? Najua kwetu mzazi hataki kuulizwa hivyo. Atasema 'wewe soma tu, mwanangu, hayo tuachie sisi.' Muulize tena. Kijana anayejua anaruhusiwa kurudi nyumbani atamwambia daktari ukweli.

Na wewe mzazi uliyejipata hapa kwa sababu mwanao ameacha simu wazi: mwambie.

Upande wa pili ni wa wenye mpira, wenye lebo za muziki, wenye akademi, wenye kampuni. Tumezoea kuwaona kama wafadhili wanaotusaidia. Ukweli ni kwamba Bruins walipata kombe la kwanza baada ya miaka 39 kupitia mtu waliyemrudisha Providence bila kupepesa jicho. Walihitaji kipa kuliko kipa alivyowahitaji, ila hawakulijua hilo. Ukipewa mkataba, soma kipengele cha majeraha kabla ya kipengele cha mshahara. Uliza nani analipa hospitali, kwa miezi mingapi, na nani ana neno la mwisho kama unafaa kucheza: daktari au kocha. Wakikasirika kwa maswali hayo, umeshapata jibu.

Haya si ya mbali tena, hata kwa barafu yenyewe. Pale hoteli ya Panari, Mombasa Road, kuna uwanja mdogo wa barafu ambako vijana wetu wa Kenya Ice Lions walijifunzia mchezo huu, miaka mingi bila timu nyingine nchini ya kucheza nayo. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakavishwa vifaa kamili na kuchezeshwa pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Video ile ilitutoa machozi sote. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa kuwa mwanachama wa shirikisho la hoki ya barafu duniani. Hongera kwao, kwa dhati kabisa.

Sasa kwa wakubwa wanaosimamia mchezo huo, na wizara inayopenda kupiga picha kwenye uwanja wa ndege timu zikirudi: yule binti au kijana atakayesimama langoni na bendera yetu kifuani, kofia yake ni ya saizi yake au ni ile ya kuazima? Akigongwa kichwa mazoezini Alhamisi jioni, atapelekwa wapi, na kadi ya nani itasomeshwa pale mapokezi? Jibuni kabla hajapanda ndege.